Sista na Ruta ya Bumbire

Ungemsikia kabla ya kumwona. Uko mwanzo wa korido ya hospitali pale Muleba, na kutoka chumba cha mitambo inakuja sauti yake ikimwuliza mtu kwa nini feni imezimwa. Huyo mtu anaanza kueleza kwamba si yeye, ni mwenzake wa zamu iliyopita.

"Sijauliza nani," anasema Sista. "Nimeuliza kwa nini."

Masista walikuwa wengi hospitalini, wauguzi, wafamasia, mhasibu, na kila mmoja aliitwa kwa jina lake. Huyu alikuwa Sista tu. Mtu akisema "Sista amekataa" bila kuongeza neno, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi walijua ni yupi. Ndiye aliyesimamia mtandao wa kompyuta wa hospitali na zahanati za misheni upande wetu: Bukoba mjini, Maruku, Muleba, hadi visiwani. Kila taarifa ya mgonjwa iliyosafiri kutoka zahanati kwenda hospitali ilipita kwenye ruta, mashine za kupitishia mtandao, alizozifunga yeye kwa mkono wake.

Mimi nilikuwa fundi wake kwa miaka mingi. Nimekulia Bukoba mjini, nyumba ya Waislamu, na siku niliyokwenda kuomba kazi nilisita sana getini, maana sikujua masista watanipokeaje. Sista akaitazama hijabu yangu, akagusa shela yake ya kitawa, akasema, "Haya, kichwani tumeshafanana. Sasa nionyeshe unachojua." Akanipa bisibisi na ruta iliyokufa. Vyeti vyangu alikuja kuviuliza jioni, nilipokuwa nimeshaiwasha.

Alikuwa na vidole vinene vya mtu wa shamba, na kweli Jumamosi alipalilia migomba nyuma ya nyumba ya masista huku redio ikimtangazia mpira. Timu yake ilipofungwa alilima kwa hasira, na siku hiyo hakuna aliyemkaribia. Lakini vidole hivyo hivyo vilipofungua mashine vilikuwa vyepesi mno. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akapanga skrubu moja moja kama zilivyotoka, na hukumsikia akipumua. Mfukoni alibeba rozari pamoja na kebo ya bluu, ile ya kuunganisha kompyuta moja kwa moja na ruta, na viwili hivyo vilisokotana kila mara. Masista wenzake walinisimulia kwamba siku moja kanisani alichomoa kebo badala ya rozari, akaitazama, akairudisha mfukoni, akaendelea kusali kwa kuhesabu vidole.

Hakuwa mnyenyekevu, na ninalisema hili kwa sababu watu hupenda kuwapamba masista. Aliijua kazi yake na hakujificha. Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam alizungushwa chumba cha mitambo, akamwambia kwa upole, "Sista, kwa kweli unajitahidi."

"Sijitahidi," akamjibu. "Naweza."

Mwezi wa Ramadhani alinikataza kupanda minara ya mawasiliano. Nilimwambia nina nguvu za kutosha. Akasema, "Mungu wako amekuomba usile. Hajakuomba uanguke." Kisha akapanda mwenyewe, sketi yake ya kitawa ameifunga kwa kamba juu ya suruali, na wagonjwa wote waliokuwa uani wakasimama kumtazama. Nilibaki chini nimeshika kamba, nikiogopa na kuona fahari kwa pamoja.

Swali lake kubwa lilikuwa moja. Ukimwambia ruta ya Maruku inafanya kazi, anakuuliza, "Umeona, au umeambiwa?" Ukisema taa inawaka kijani, anasema taa ni kuambiwa. Ukisema umepiga simu zahanati nao wamethibitisha, huko nako ni kuambiwa. Kuona kulikuwa kuona. Kwa watu, hata hivyo, alikuwa kinyume kabisa. Chumba chake hakikufungwa. Gari la kazi alimwazima yeyote aliyemweleza shida yake kwa huzuni, na jenereta aliyoiazimisha harusini haijarudi mpaka leo. Alidanganywa mara nyingi na hakujifunza. Nilipomwambia hivyo alicheka: "Mtu akinidanganya ana sababu. Mashine haina."

Katika miaka yote hiyo kulikuwa na jambo moja tu la mitambo ambalo Sista alilikubali bila kuliona, na hapo ndipo kisa cha Bumbire kinapoanzia.

Ruta si kasha la waya tu. Ndani yake mna programu, na kila inapowashwa, kabla haijaanza kazi, inajikagua. Sista aliwafundisha mafundi wapya kwa mfano wa zamu za hospitali. Muuguzi anayetoka hamkabidhi ufunguo wa chumba cha dawa mtu yeyote anayetokea tu. Anamtazama uso na kitambulisho kwanza. Ndivyo inavyokuwa ndani ya ruta: kipande cha kwanza cha programu kinakagua sahihi ya kiwanda kwenye kipande cha pili, cha pili kinakagua cha tatu, hadi mashine nzima imeamka. Programu isiyo na sahihi inakataliwa, na mashine haiwaki. Tuliuita ukaguzi wa kuwaka. Kiwanda kiliuahidi, vitabu vyake viliueleza, na Sista akauamini.

Siku moja alikuja hospitalini mwanamke muuza dagaa kutoka kisiwa cha Bumbire. Nitamwita Mama Sele, ingawa si jina lake. Alikuwa mmoja wa wale waliohamia kisiwani kufuata samaki, hana ndugu pale zaidi ya biashara yake na watu wa mwalo, yaani pale ufukweni mitumbwi inapotua. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya Mkurugenzi akasema, "Siri yangu imetoka kwenu."

Mtu asiyemjua alimpigia simu, akamtajia dawa anazotumia na siku aliyokwenda kuzichukua. Akamwambia asipofanya anavyotaka, mwalo wote utajua. Baada yake walikuja wengine wawili, wenye hadithi hiyo hiyo.

Mfumo wa kompyuta ulionyesha kwamba taarifa zao zilifunguliwa kwa nywila ya Nesi Kokugonza, muuguzi wa zahanati ya Bumbire, tena saa ambazo zahanati ilikuwa imefungwa. Nesi Kokugonza alilia, akaapa kwamba hakufungua kitu wala hakumpa mtu nywila yake. Mkurugenzi akamwita Sista mbele ya kamati. Nami nilikuwepo, nimekaa nyuma yake.

"Sista, je, mtu mwingine angeweza kuingia kwa kupitia mitambo yetu? Angeweza kumwibia nywila njiani?"

"Ruta zetu zinajikagua kila zinapowaka," akasema Sista. "Hazikubali programu ngeni. Kwa upande wa mitambo, hapana."

Neno hilo ndilo lililomaliza kikao. Nesi Kokugonza akasimamishwa kazi. Kisiwani watu waliacha kuitikia salamu zake, akina mama aliowazalisha wakamgeuzia mgongo, akapanda mtumbwi na sanduku lake akarudi kwa mama yake Maruku.

Haikupita muda mrefu kiwanda kile kikatoa tangazo kwa wateja wake wote duniani. Kasoro ilikuwa imegunduliwa katika ukaguzi wa kuwaka. Mtu aliyeweza kuifikia ruta kwa mkono, akiwa na ujuzi, angeweza kuifanya ikubali programu isiyo na sahihi, nayo ikawaka kama kawaida na kujitangaza kuwa nzima. Aina za ruta zilizotajwa zilikuwa zetu. Nililisoma mimi kwanza, nikampelekea Sista.

Alilisoma amesimama. Akakaa, akalisoma tena. "Mawe!" akasema kwa sauti ndogo, kama Mhaya anavyomwita mama yake anapoumia. Akavua miwani.

"Nilimwambia Mkurugenzi hapana."

"Sista, hukujua," nikasema. "Hata waliozitengeneza hawakujua."

"Ndiyo. Lakini sikusema sijui. Nilisema hapana."

Nikamshauri tutume programu mpya iliyorekebishwa kwa njia ya mtandao kutoka ofisini, zahanati zote zimalizike kwa siku moja. Ndivyo walivyofanya wengi. Sista akaniuliza, "Na kama ipo ambayo imeshaharibiwa, ukiipelekea programu mpya itakujibu nini?"

Nikafikiri. "Itajibu imepokea."

"Itajibu imepokea," akarudia. "Mashine inayodanganywa kabla haijaamka haijui kama inadanganya. Hatutaiuliza yenyewe. Tutaifungua tuitazame." Akaanza kupanga vifaa. "Tunaanza Bumbire."

Hapo lazima niseme kwamba Sista alikuwa anaogopa ziwa. Si kuogopa kidogo. Mtu aliyepanda mnara huku upepo ukimpiga, alikuwa akiona maji mapana anageuza uso. Kazi za visiwani alinituma mimi siku zote, baada ya ile safari moja ya kufunga ruta, ambayo hakupenda kuizungumzia. Nilimwambia nitakwenda peke yangu. Akasema, "Nitasemaje nimeona, nikiwa Muleba?"

Asubuhi ile tulipanda mtumbwi wa injini pamoja na wafanyabiashara na magunia yao. Alivaa jaketi la kuokolea juu ya mavazi yake, akashika ubao kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Alitapika. Mvuvi mmoja akamchotea maji akamwambia kwa heshima ya Kihaya, "Pole, waitu. Kule mbele ni shwari." Sista akamjibu bila kufumbua macho, "Asante, lakini usiniambie mbele kukoje." Watu wakacheka, naye akajaribu kucheka. Nilimtazama nikajiuliza ni watu wangapi wenye cheo ambao wangekubali kuonekana hivyo.

Zahanatini alinawa uso, akatandika kitambaa chake mezani. Tulizima ruta, tukaichomoa ukutani, tukaifungua mbele ya mwenyekiti wa kijiji na muuguzi mpya. Ndani kuna chipu inayotunza programu. Sista akaibana kwa kibanio kidogo kilichounganishwa na laptopu yangu, ili tuisome chipu yenyewe huku ruta imelala. Tulipewa na kiwanda nakala ya programu halisi. Kilichobaki kilikuwa kulinganisha.

Kompyuta ilikwenda taratibu. Nje wanawake walikuwa wanaanika dagaa na kuitana kwa Kijita, Kihaya na Kiswahili. Kisha kwenye kioo ikatokea sehemu isiyofanana, pale pale mwanzoni, kwenye kipande kinachokagua vingine. Baada yake kukafuata nyingine, ngeni kabisa. Ilinakili kila nywila iliyopita na kumtumia mtu wa nje. Nywila zilipita wazi, bila kufichwa, kwa sababu mfumo wetu wa faili za wagonjwa ulikuwa wa zamani, na kuubadilisha ni kazi ambayo Sista alikuwa ameiahirisha.

Nilitaka kuruka kwa furaha. Nilimgeukia nikakuta machozi yanamtoka. Hakuyafuta, mikono yake ilikuwa bado imeshika kibanio.

"Yule binti alisema kweli," akasema. "Alisema kweli tangu siku ya kwanza."

Aliyefanya vile, polisi walikuja kugundua, alikuwa fundi wa mkataba aliyehudumia umeme wa jua pale, mwenye ufunguo wa chumba. Ruta tuliitia kwenye mfuko, tukaufunga lakiri mbele ya mwenyekiti, tukaikabidhi polisi. Alikamatwa, na kesi yake ninaposimulia bado inaendelea. Zahanati nyingine zote tulizifungua moja moja, Muleba hadi Bukoba, na hatukukuta nyingine iliyoguswa. Lakini hayo yalikuwa baadaye.

Kwanza kulikuwa na Nesi Kokugonza. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alifurahi, akasema ataandikiwa arudi kazini mara moja, mambo yaishe kimya kimya bila kulipaka shirika matope. Sista akamwacha amalize.

"Aliondoka mbele za watu," akasema. "Hawezi kurudishwa kwa mlango wa nyuma."

Tulikwenda Maruku watatu, Mkurugenzi, Sista na mimi. Nyumba ilikuwa ndani ya migomba. Mama mtu alitupokea kwa heshima zote, akatutandikia majani mapya chini, akatupa buni za kutafuna. Nesi Kokugonza alitoka nyuma, akasimama mlangoni. Sista hakukaa. Akamweleza yote, kasoro, programu ngeni, nywila iliyoibwa. Hakutumia maneno makubwa ya mitambo hata moja.

Nesi akasikiliza mpaka mwisho. "Nilikuambia sikufungua," akasema.

"Uliniambia."

"Ukaamini mashine."

"Niliamini mashine," akasema Sista. "Nisamehe."

Mama mtu akasema kitu kwa Kihaya, kwamba wageni wasiondoke bila kula. Bitoke, ndizi za kupikwa, zikaletwa zinafuka moshi. Nesi Kokugonza hakula nasi siku ile. Alikaa jikoni, tukamsikia akipanga sufuria. Tulipokuwa tunaingia garini akatoka akauliza, "Na kule kisiwani, nani atawaambia?"

"Mimi," akasema Sista.

Kwa hiyo akalivuka ziwa tena. Alivuka vile vile, macho yamefumbwa, na safari hii Nesi Kokugonza alikaa kando yake. Tulipofika katikati nikaona mkono wa nesi umemshika Sista kwenye kiwiko.

Mwaloni mwenyekiti alikusanya watu, wavuvi, wachuuzi, mama lishe. Sista akasimama juu ya kreti. Hakutaja mgonjwa, hakutaja ugonjwa. Alisema:

"Mnanijua. Mimi ndiye niliyeleta mtandao hapa. Siri za watu zimetoka, na Nesi Kokugonza akalaumiwa. Hakuzitoa yeye. Ziliibwa kwenye mashine yangu, na nilipoulizwa kama mashine yangu inaweza kuibiwa nikasema haiwezi. Nilikosea mimi. Yeye alisema kweli."

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Sasa hiyo mpya tutaiaminije, Sista?"

"Msiiamini. Wala msiniamini mimi. Chagueni watu wenu. Nitakuja niifungue mbele yao, waone ninachokiona."

Walichagua watu, mmoja wao mama aliyekuwa na mgahawa pale. Na Sista alikwenda, mara kwa mara, miaka iliyofuata, akitapika kwenda na akitapika kurudi. Yule mama wa mgahawa alifika mahali pa kumkumbusha hatua aliyoiruka. Mfumo wa zamani tuliuondoa, nywila zikaacha kupita wazi. Nesi Kokugonza alirudi akazalisha watoto wengine. Mama Sele hakubaki. Alihamia kisiwa kingine kabla hatujamaliza, na Sista kila aliposikia mtu ametoka huko alimwulizia. Tuliambiwa anaendelea vizuri. Sista hakutosheka na jibu hilo, lakini hakuwa na haki ya kwenda kumtazama, na hilo nalo alilijua.

Nimefanya kazi na watu hodari wengine tangu wakati ule. Nimemwona mmoja akigundua kasoro kubwa kuliko ile. Sijamwona mwingine aliyepanda kreti.

Baadaye macho yake yalianza kufifia, shirika likamhamishia nyumba ya masista Buhembe, apumzike. Kazi yake nikapewa mimi. Mwaka huu nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta uani na wanovisi, mabinti wanaojiandaa kuwa masista, anawafundisha kumenya ndizi haraka, na anawagombeza. Alinitambua kwa sauti. Tukakaa kwenye benchi, akaniuliza habari za kila ruta, kituo kwa kituo, kana kwamba anaulizia wajukuu.

Kisha akasema, "Jina langu bado limo?"

Nilipochukua kazi nilibadilisha kila kitu isipokuwa kimoja. Jina lake la kuingilia, lenye mamlaka yote juu ya mtandao mzima, nililiacha. Sikuweza kulifuta. Niliona kama namfuta yeye.

"Limo, Sista."

"Mimi sifanyi kazi pale tena. Mtu akiijua nywila yangu atafanya nini?"

"Chochote."

"Basi lifute."

"Nitalifuta kesho nikifika ofisini."

"Laptopu unayo hapo begini. Nimesikia umeiweka chini."

Nikaifungua. Wanovisi waliacha ndizi wakatutazama. Nililitafuta jina lake, nikalichagua, na kidole changu kikasimama. Yeye alinisubiri, mikono imetulia magotini. Nikalifuta.

"Nipe," akasema.

Nikamwekea laptopu mapajani kwenye ukurasa wa kuingilia. Akainamisha uso karibu kabisa na kioo, akaandika jina lake, akaandika nywila yake ndefu bila kukosea, vidole vile vinene vikienda vyenyewe. Akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea. Hakuweza kuyasoma, akanisukuma mkono.

"Inasema nini?"

"Inasema haikujui, Sista."

Akapiga makofi. Alicheka kicheko kikubwa, kile kilichokuwa kikijaza korido nzima ya Muleba, mpaka sista mmoja mzee akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. "Imenikataa!" akamwambia kwa furaha. "Imenikataa mimi!"

Nilikuwa nalia, na nadhani alijua, maana alinigusa bega. Halafu akasema, "Hapo nimeambiwa tu," akasogeza tena uso kwenye kioo, akarudisha vidole kwenye herufi, akajaribu mara ya pili.